Amonia ya umeme: bado si bidhaa ya sokoni

Mfanyabiashara wa mbolea hawezi kusahau mwaka 2022. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari, bei ya urea katika soko la dunia ilivuka dola 900 za Marekani kwa tani ilipofika Aprili. Tanzania, ambayo huagiza mbolea nyingi kutoka nje, ililazimika kutoa ruzuku kwa wakulima.

Chanzo kinajulikana. Urea hutokana na amonia, na amonia nyingi hutokana na gesi asilia, kwa njia ya Haber na Bosch iliyoanza kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Gesi ikipanda, mfuko wa mbolea nao hupanda.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta njia nyingine: kutengeneza amonia kwa umeme, maji na hewa. Kiini chake ni kichocheo chenye atomu ya metali, kama molibdeni, chuma au kobalti, iliyozingirwa na molekuli zinazoishikilia. Metali hiyo hunasa nitrojeni, hupokea elektroni na haidrojeni, huachia amonia, kisha huanza upya.

Hatua zimepigwa. Mwaka 2003, Richard Schrock wa MIT, Marekani, alipata molekuli kama nane tu za amonia kwa kila atomu ya molibdeni. Mwaka 2019, Yoshiaki Nishibayashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walifikia 4,350. Hata hivyo, wote wawili walitumia kemikali za bei kubwa badala ya umeme. Mwaka 2022 kundi la Jonas Peters wa Caltech lilionyesha kuwa umeme unaweza kufanya kazi hiyo, lakini katika kipimo cha maabara.

Wapo wanaotumia nitrati ya maji machafu badala ya hewa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuivunja. Hapo faida ni kusafisha maji na kupata mbolea kwa pamoja. Lakini nitrati ya kiwandani yenyewe hutengenezwa kwa amonia. Kuinunua kwa kazi hii ni sawa na kununua maandazi ili upate unga.

Mwekezaji apige hesabu. Viwanda vinavyotumia umeme kupata haidrojeni, kisha kufuata njia ya Haber na Bosch, huhitaji takriban uniti 10,000 kwa tani moja ya amonia. Uniti ikiwa senti tano za dola, umeme peke yake ni dola 500, kabla ya mitambo, mishahara na riba. Njia mpya sharti ishinde hesabu hiyo.

Aidha, mwaka 2019 watafiti walionya katika jarida la Nature kuwa amonia iliyomo hewani na katika vifaa huweza kudhaniwa kuwa ni mazao ya jaribio. Kwa hiyo, anayeuziwa hisa za teknolojia hii aulize mambo matatu: amonia ilithibitishwa kwa nitrojeni yenye alama? Kichocheo hudumu saa ngapi? Kilo moja hula uniti ngapi?

Asipojibiwa kwa tarakimu, fedha zake zibaki mfukoni.