"Mimi, Mtu Mweusi": Filamu Iliyokosa Sauti Ikapata Msimulizi

Katika vipindi vyetu vya fasihi, swali ambalo wanafunzi huliuliza kila mwaka ni hili: je, hadithi hii ni ya kweli au ni ya kubuni? Kwa kazi nyingi jibu halina taabu. Hata hivyo, zipo filamu ambazo makusudi zimechanganya hayo mawili. Makala haya yanaeleza mojawapo, *Moi, un noir*, yaani "Mimi, Mtu Mweusi", iliyotengenezwa kwa gharama ndogo na Mfaransa Jean Rouch mjini Abidjan, na kutolewa mwaka 1958.

Rouch alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Alifika Niger mwaka 1941, kisha akageukia anthropolojia. Katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza maisha ya vijana waliotoka Niger kwenda kutafuta kazi katika miji ya pwani, na mtaa wa Treichville mjini Abidjan ulijaa vijana wa namna hiyo. Badala ya kuwahoji na kuandika ripoti tu, aliwaomba waigize maisha yao wenyewe mbele ya kamera. Hawakuandikiwa mazungumzo ya kukariri. Walijichagulia majina ya watu wa sinema: Oumarou Ganda akajiita Edward G. Robinson, mwenzake Petit Touré akawa Eddie Constantine, na msichana mmoja akaitwa Dorothy Lamour. Tunawafuata kwa siku chache za juma, wakihangaikia vibarua bandarini, kisha starehe za Jumamosi na Jumapili, hadi Jumatatu inapowarudisha palepale.

Ndani ya siku hizo ukweli na ndoto vimesukwa pamoja. Ganda anajiona bingwa wa ndondi, na kamera inatuonyesha ndoto hiyo kana kwamba imetokea. Lakini anaposimulia vita vya Indochina akiwa kando ya maji, habuni: kweli alipigana huko katika jeshi la Ufaransa. Mtazamaji asiyeyajua maisha yake hana njia ya kutenganisha mawili hayo.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha ni sauti. Kamera ya Rouch ilikuwa ya milimita 16, ya kutia ufunguo kama saa, na kila kipande cha picha hakikuweza kuzidi takriban sekunde 25. Aidha, haikunasa sauti sambamba na picha. Basi baada ya kupiga picha, Ganda aliketi akitazama filamu na kuisimulia papo kwa papo. Mara anazungumza kama mhusika, mara anaeleza anachofanya yule mhusika, mara anailalamikia dunia. Mara nyingine midomo inachezacheza na maneno hayalingani nayo, lakini hakuna anayejali.

Wasomaji wa hapa Uganda hawatashangaa. Tumezoea kuwasikia akina VJ wakizifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda, wakiongeza mizaha na maelezo yao. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. VJ anasimulia picha za watu wengine, ilhali Ganda anasimulia picha zake mwenyewe. Yule anayeonekana ndiye anayesema. Katika filamu nyingi za wakati wa ukoloni Mwafrika alionekana, na Mzungu ndiye aliyesema.

Hata hivyo tusimtakase Rouch. Sauti yake ndiyo inayofungua filamu, na yeye ndiye aliyekuwa na uamuzi wa mwisho juu ya kipande gani kibaki na kipi kikatwe. Isitoshe, Ganda anasimulia kwa Kifaransa, si kwa lugha yake. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimwambia Rouch ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Jambo ambalo wengi husahau kulitaja ni kwamba katika mazungumzo yaleyale Sembène aliitenga filamu hii. Alisema anaipenda, na kwamba kimsingi Mwafrika angeweza kuitengeneza, ila wakati huo hapakuwa na aliyekuwa na nyenzo. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haki kuliko nyingi zilizofuata.

Nyenzo zilipopatikana, Ganda hakusubiri kusimuliwa wala kusimulia picha za mwingine. Alitengeneza *Cabascabo*, habari za askari anayerudi Niger kutoka Indochina, na yeye mwenyewe akaigiza kama askari huyo. Wengi huisoma filamu hiyo kama jibu lake kwa Rouch. Mwaka 1972 filamu yake *Le Wazzou polygame* ilipata tuzo kuu ya tamasha la Ouagadougou, ikiwa ya kwanza kabisa kuipata. Alifariki mwaka 1981, akiwa bado katika miaka ya arobaini.

Limebaki suala la istilahi. "Filamu ya hali halisi" haitoshi, kwa sababu ndondi zile ni ndoto. "Filamu ya kubuni" nayo inamdhulumu askari wa Indochina. Wataalamu huiita etnofiksheni, neno ambalo halimwambii chochote mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi kwa sasa darasani ninatumia "filamu ya kujiigiza". Mwenye pendekezo bora alilete idarani kabla ya toleo lijalo.