Pini Namba 12 na Tangi Lililojaa

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina tangi la maji juu ya paa, dada mmoja na mdogo wake wa kiume, na bodi inayoenea kiganjani yenye chipu iitwayo ESP32. Chipu hiyo ilitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China, na inapendwa na wanaojifunza kwa sababu ni ya bei nafuu na ina Wi-Fi ndani yake.

Wenye matangi mnajua karaha yake: mtu anawasha pampu, anasahau, maji yanafurika hadi uani. Watoto wale wakaazimia kutengeneza king'ora. Wakatumbukiza swichi ya boya ndani ya tangi. Maji yakijaa, boya linapanda, swichi inapeleka volti 3.3 kwenye pini namba 12, na programu ikiona umeme hapo inapiga king'ora. Kwa nini namba 12? Ilikuwa wazi, na waya uliifikia bila kuvutwa. Watu wazima wengi nao huchagua pini hivyo hivyo.

Wakajaribu kwa kuinua boya kwa mkono. Piiii! Wakalishusha, kimya. Wakagongeana tano.

Usiku umeme ukakatika, kama kawaida yake. Uliporudi alfajiri, taa nyekundu ya bodi iliwaka lakini programu haikuanza. Wakabadilisha kebo, wapi. Wakabadilisha chaja, wapi. Wakaiunganisha na kompyuta, wakaona maneno yale yale yakijirudia bila kuchoka: "flash read err". Mdogo mtu akatoa hukumu kwamba chipu imeungua. Wakazichomoa nyaya zote, wakaipeleka bodi kwa mjomba wao, fundi wa redio na simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo nani mgonjwa?"

Fundi akaichomeka kwenye umeme. Ikaamka vizuri kabisa! Watoto wakatazamana. Mjomba hata hakugusa vifaa vyake, akauliza swali moja tu: "Umeme uliporudi, tangi lilikuwa tupu au limejaa?"

"Limejaa pomoni."

"Basi chipu yenu nzima. Iliuliza swali, nyinyi mkaijibu vibaya."

Alikuwa na maana gani? Kwa kawaida pini ya chipu kama hii haizaliwi na kazi moja. Ni wewe, ndani ya programu, unayeiambia ipokee umeme au iutoe. Lakini programu yako si ya kwanza kuamka. Kabla yake, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, chipu huzitazama pini tano: 0, 2, 5, 12 na 15. Husoma ipi ina umeme na ipi haina, kisha majibu hayo huiambia iamkeje. Pini 0 ikikutwa haina umeme, chipu haiendeshi programu iliyomo, hukaa kusubiri mpya kutoka kwenye kompyuta. Ndiyo kazi ya kile kitufe kilichoandikwa BOOT. Pini 12 nayo huamua volti za flashi, yaani kumbukumbu inayotunza programu. Isipokuwa na umeme, flashi hupewa volti 3.3. Ikiwa nao, hupewa 1.8, na flashi za bodi nyingi haziwezi kufanya kazi kwa volti hizo.

Sasa unganisha mambo. Tangi limejaa, boya liko juu, pini 12 ina umeme. Chipu ikaipa flashi volti 1.8, ikashindwa kuisoma, ikaanza upya, ikauliza tena, ikajibiwa vile vile. Ingeendelea hivyo mpaka watu waoge na kufua, maji yapungue! Na lile jaribio la mkono lilifaulu kwa sababu chipu ilikuwa imekwisha kuamka, na ikishaamka, pini 12 ni pini kama nyingine.

Ipo amri ya kuilazimisha chipu itumie 3.3 daima, lakini huchoma fyuzi ndogo ndani yake na haina kurudi nyuma. Kwa king'ora cha tangi, kuhamisha waya kunatosha.

"Tuweke 34," akasema mdogo mtu.

"Hiyo hupokea tu, haitoi," mjomba akajibu, "sawa na 35, 36 na 39. Tena hazina rezista ya ndani. Swichi ikiwa wazi, pini inaelea. Hata mkono ukipita karibu, inaweza kudhani imepata umeme. Utafunga rezista ya nje?" Hawakuwa nayo. Pini 6 hadi 11 akazifunika kwa kidole: hizo zinatumiwa na flashi yenyewe. Namba 1 na 3 ndizo zinazozungumza na kompyuta. Wakakubaliana 27, na programu ikaiwashia rezista ya ndani ya kuivuta chini.

Dada mtu hakuwa amemaliza. Alitaka kihisi cha kupima maji yamefika wapi, na habari zimfikie mama kwenye simu kwa Wi-Fi. Alikuwa ameichagua 26. Mjomba akatikisa kichwa: Wi-Fi ikiwashwa, kipimo cha volti cha pini ile hakitumiki. Kihisi kikae 32 au 33, ambazo zina kipimo kingine.

Jioni wakajaza tangi, wakachomoa chaja, wakaichomeka tena huku boya liko juu. King'ora kikalia mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani atakizima.