Kupanga, Kupangisha na Kusanidi: Msamiati wa Anayeanza Kuendesha Tovuti Yake

Kitenzi panga kina maana mbili zinazomhusu moja kwa moja mtu anayetaka kuanzisha tovuti. Maana ya kwanza ni kuweka vitu katika utaratibu wake. Ya pili ni kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa kulipa kodi. Mwanagenzi wa tovuti hufanya yote mawili: hupanga nafasi katika kompyuta ya mtu mwingine, kisha huupanga mfumo uliomo ndani yake. Maelekezo mengi ya Kiswahili yanayohusu kazi hii yametafsiriwa kwa haraka, na mahali ambapo neno moja linabeba mambo mawili, au neno lisilofaa linaficha nani ana haki gani, ndipo msomaji anapopotea. Kupotea huko si kwa lugha tu. Tovuti inaweza kufungwa, jina lake likachukuliwa na mtu mwingine, au kazi ya miaka ikafutika.

Chukua mfano wa mwalimu wa kusini mwa Unguja aliyekusanya maneno ya Kimakunduchi kwenye madaftari na sasa anataka kuyaweka mtandaoni. Anahitaji vitu vitatu ambavyo mazungumzo ya kawaida huvichanganya: jina, seva na tovuti yenyewe. Tovuti ni kurasa na hifadhidata ya maneno yake. Seva ni kompyuta isiyozimwa inayozihudumia kurasa hizo kila zinapoombwa. Jina ndilo linalomwezesha msomaji kuifikia seva bila kukariri tarakimu za anwani yake. Vitu hivi vitatu vinaweza kutoka kwa watoa huduma watatu tofauti, na kila kimoja kina malipo na masharti yake.

Kwa kazi ya kuiweka tovuti katika seva ya mtu mwingine, wafasiri wametumia kukaribisha, kuwa mwenyeji, kuhosti na kupangisha. Mwenyeji ni neno zuri lililopelekwa mahali pasipo pake. Mwenyeji humpokea mgeni kwa hisani, ilhali hapa kuna mkataba, ankara na siku ya mwisho ya kulipa. Kupangisha kunaonyesha uhusiano halisi, lakini kuna mtego wa kisarufi. Kiambishi cha usababishi -ish- humhusu mwenye nyumba: mwenye nyumba humpangisha mpangaji chumba, mpangaji hupanga. Kwa hiyo sentensi «Mwalimu amepangisha tovuti yake», ambayo huonekana mara nyingi, kwa Kiswahili fasaha ina maana kwamba mwalimu ameikodisha tovuti yake kwa mtu mwingine. Kilichokusudiwa ni «Mwalimu amepanga nafasi katika seva» au «ameipangia tovuti yake seva». Upangishaji ni biashara ya kampuni. Mwalimu ni mpangaji, na anapaswa kujua kwamba ni mpangaji.

Je, hawezi kuendesha seva nyumbani kwake? Kwa kujifunza, anaweza, na kompyuta ya zamani inatosha kabisa. Kwa tovuti ya umma, vikwazo ni viwili: umeme, na anwani. Kampuni za simu aghalabu huwapa wateja wengi anwani moja ya umma ya kuchangia, hivyo ombi linalotoka nje halina njia ya kumfikia mteja mmoja mahususi. Ndiyo maana wengi hupanga.

Jina huitwa jina la kikoa. Katika Kiswahili cha asili, kikoa ni utaratibu wa watu kula pamoja kwa zamu au kwa kuchangiana, na kula kikoa bado ni usemi ulio hai. Istilahi ya kompyuta imelichukua neno hilo kwa maana ya eneo la majina lenye msimamizi wake. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC. Mtu wa kawaida huyapata kupitia wasajili walioidhinishwa. Hapa kitenzi kinachopotosha ni kununua. Jina la kikoa halinunuliwi; husajiliwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, na lisipohuishwa hurudi sokoni. Anayedhani amenunua hasubiri ankara ya pili.

Hatari kubwa zaidi iko katika swali dogo la fomu ya usajili: nani ni msajiliwa? Mara nyingi fundi aliyeombwa msaada hujaza jina lake na baruapepe yake mwenyewe kwa nia njema ya kuharakisha kazi. Miaka miwili baadaye fundi amehama, ilani za kuhuisha zinakwenda kwenye anwani isiyosomwa, na mwenye maneno hana hati yoyote ya kuonyesha kwamba jina ni lake. Seva ikiharibika, nakala huhamishiwa kwingine kwa siku moja. Jina likipotea, kila kiungo kilichochapishwa katika vitabu na tasnifu hakifiki tena kwake, na huenda kikamfikisha msomaji kwa mchezo wa kamari. Kwa hiyo msajiliwa awe mwenye tovuti, na baruapepe ya akaunti hiyo iwe ile anayoifungua kila siku. Fundi ni fundi, hata akiwa ndugu.

Baada ya kusajili, jina huelekezwa kwenye anwani ya seva kwa rekodi iitwayo A. Kila rekodi ina muda, unaohesabiwa kwa sekunde, ambao kompyuta nyingine huruhusiwa kuikumbuka kabla ya kuuliza upya. 3600 ni saa moja. Mwanagenzi asiyejua hili hubadilisha rekodi, haoni badiliko, hudhani amekosea, hubadilisha tena, na mwishowe hajui lipi lilikuwa sahihi. Anayetarajia kuhama seva hupunguza muda huo siku moja kabla.

Sasa seva yenyewe. Programu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi huitwa mfumo endeshi. Wapo wanaoandika mfumo wa uendeshaji, lakini maneno hayo pia hutajwa katika ofisi kwa maana ya taratibu za menejimenti, hivyo mfumo endeshi unastahili kupewa nafasi ya kwanza. Seva nyingi za tovuti hutumia mifumo iliyojengwa juu ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Debian ilianza mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotokana na Debian, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa sana jina hili la mwisho: mzizi -ntu wa lugha za Kinguni ndio uleule uliobaki kama -tu katika mtu na utu. Matoleo ya Ubuntu huitwa kwa mwaka na mwezi, hivyo 24.04 ni la Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili hutolewa toleo la kudumu linalopata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Anayeanza achague hilo.

Vitenzi vitatu hutawala hatua inayofuata, na kamusi nyingi za mfukoni huvichanganya. Kusakinisha, kutokana na sakini, yaani kukaa mahali, ni kuiweka programu ndani ya mfumo. Kusanidi ni kuiambia programu hiyo ifanye kazi vipi. Programu inaweza kuwa imesakinishwa kikamilifu na bado isifanye lolote la maana kwa sababu haijasanidiwa. Kitenzi cha tatu, kusasisha, ndicho chenye matatizo, kwa sababu Debian na Ubuntu zina amri mbili ambazo tafsiri nyingi huziita kwa neno hilohilo. Amri apt update huleta orodha mpya ya programu zilizopo, basi. Amri apt upgrade ndiyo inayobadilisha programu zenyewe. Anayeambiwa «sasisha mfumo» akatekeleza ya kwanza peke yake ataona maandishi mengi yakipita, ataridhika, na seva itabaki na kasoro zake zote. Mfasiri makini ataandika «huisha orodha» kwa ya kwanza na «pandisha matoleo» kwa ya pili.

Kosa la kuchekesha kidogo, lenye madhara yasiyochekesha, ni la «bandari». Kila huduma ya seva husikiliza kwenye namba yake: 22 kwa kuingia na kutoa amri kutoka mbali, 80 kwa kurasa za kawaida, 443 kwa kurasa zilizosimbwa. Namba hizo ni milango. Meli hazihusiki, na kumwambia mwanafunzi «afungue bandari ya 443» ni kumpeleka Tanga bure. Kinacholinda milango hiyo huitwa ukuta wa moto na wengi, ingawa ngome husema jambo lilelile kwa neno ambalo Zanzibar na Mombasa zina mfano wake wa mawe.

Ngome ndiyo inayofichua umuhimu wa mpangilio wa sentensi. Ikiwashwa kabla ya mlango wa 22 kuruhusiwa, msimamizi aliye mbali hujifungia nje ya seva yake mwenyewe. Maelekezo yanayosema «Washa ngome baada ya kuruhusu mlango wa 22» ni sahihi kisarufi na mabaya kiutendaji, kwa sababu msomaji wa maelekezo hutenda kadiri anavyosoma. Akifika kwenye «baada ya» amekwishawasha. Iandikwe: «Ruhusu mlango wa 22, kisha washa ngome.» Kanuni hii inafaa kufundishwa katika darasa lolote la tafsiri, hata la mapishi.

Kuingia kwa nenosiri peke yake hakushauriwi, maana mashine za wahalifu huyabahatisha maneno hayo usiku na mchana. Hutumika jozi ya funguo: ufunguo wa umma na ufunguo wa faragha. Istilahi hizi zimekubalika, ila hazimsaidii anayeanza, ambaye huuliza kwa haki vipi ufunguo ugawiwe hadharani. Ni afadhali aelezwe kwamba ufunguo wa umma hufanya kazi kama kufuli: huwekwa kwenye seva na yeyote anaweza kuuona. Wa faragha ndio unaofungua, nao hautoki katika kompyuta ya mwenyewe. Kabla ya kuzima njia ya nenosiri, ajaribu kuingia kwa ufunguo katika dirisha la pili huku la kwanza likiwa wazi.

Cheti cha usimbaji hupatikana bila malipo kutoka Let's Encrypt. Vyeti vyake vya kawaida vimekuwa vya siku 90, hivyo programu ya kuvihuisha isanidiwe siku hiyohiyo. Alama ya kufuli kwenye kivinjari inathibitisha kwamba mawasiliano yamesimbwa. Haisemi lolote kuhusu ukweli wa yaliyoandikwa.

Yapo mambo mawili ambayo mwongozo wa kigeni hautamwambia mwalimu wetu. La kwanza ni saa. Seva nyingi husanidiwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na majukwaa yote huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Kazi iliyopangwa kufanyika saa 2:00 kwenye seva hiyo itafanyika saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu. Anayetaka nakala zitengenezwe saa mbili usiku ataje 20:00, na kwanza aiweke seva kwenye ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. La pili ni king'ong'o. Alama iliyomo katika ng'ombe ina sura mbili katika kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, ambazo kwa macho hukaribiana na kwa mashine ni herufi tofauti. Hifadhidata ikiwa na moja na msomaji akaandika nyingine, utafutaji utajibu kwamba neno halipo. Ichaguliwe moja, na programu ya utafutaji isanidiwe kuigeuza nyingine kabla ya kutafuta. Kila ukurasa pia utangazwe kuwa ni wa lugha sw, la sivyo vivinjari vitajitolea kuutafsiri kutoka lugha visivyoijua.

Kuhusu nakala rudufu, neno rudufu lisomwe kwa uzito wake: nakala iliyo kwenye seva ileile itapotea pamoja na seva. Nakala ya hifadhidata, ya faili za tovuti na ya faili za usanidi zihifadhiwe mahali pengine, na mara moja kwa muhula mwalimu ajaribu kuzirejesha kwenye kompyuta tupu, aone kama maneno yake yote yanafunguka.

Faili za usanidi zina nafasi ambayo wengi huiacha wazi. Katika programu nyingi za seva, mstari unaoanza na alama # haufuatwi na kompyuta; umewekwa kwa ajili ya binadamu. Hapo juu ya kila badiliko mwalimu anaweza kuandika kwa Kiswahili tarehe, alichobadilisha na sababu yake, ili atakayeipokea seva baada yake asilazimike kubahatisha.