Mito ya Kufumia Kimia

Watu wengi huujua mto kuwa ni kitu cha kulalia. Lakini katika nchi nyingine wako wanawake ambao mto ni chombo chao cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Mwanamke wa Songea asukapo mkeka, vidole vyake humtosha, kwa kuwa ukindu ni mgumu, nao hukaa pale ulipokunjwa. Uzi sivyo, ukiachwa, hulegea. Kwa hiyo mfumaji wa kimia, yaani kitambaa chepesi chenye matundu ya mapambo, huzungushia nyuzi katika vijiti vidogo, akazipishanisha juu ya mto, na huchoma pini ili zisirudi.

Mito hiyo ni ya namna nyingi, na kila umbo lina sababu yake.

Wa kwanza ni mto wa duara. Kimia cha Honiton, Uingereza, hufumwa ua moja moja, kisha maua huunganishwa. Ua lina mapindo mengi, basi mfumaji huugeuza mto huku na huku ili ayafuate.

Wa pili ni mfano wa gogo. Huko Idrija, Slovenia, mto huo hukaa juu ya kikapu usibiringike. Karatasi ya mfano huzungushiwa mto wote, na mfumaji aweza kufuma utepe mrefu kadiri atakavyo. Mjini humo shule ya kimia ilifunguliwa mwaka 1876, nayo ingali inafundisha.

Wa tatu ni wa kisiwa cha Malta. Ni mrefu na mwembamba, nao huegemezwa karibu wima. Vijiti huning'inia, na uzito wao hukaza nyuzi.

Maumbo ni mbalimbali, lakini sharti ni moja: mto uwe mgumu. Hushindiliwa majani makavu au unga wa mbao. Ukilegea, pini hulala, matundu hupotoka, na kazi ya majuma mengi haipati mnunuzi. Kwa jamaa maskini hasara hiyo ilikuwa njaa.

Katika karne ya 19 mashine zilianza kufuma kimia upesi na kwa bei ndogo, hata wafumaji wengi wakakosa kazi. Walakini ufundi wenyewe haukufa. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika ufumaji wa Slovenia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na hata leo mfumaji mwema, kabla hajagusa uzi, kwanza huujaribu mto wake kwa kiganja.