Je, Wajua? Yai la Ndugu Huliwa, la Jirani Huachwa
Wapo mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wanaosifika kwa kula vidukari shambani. Huko Ulaya, vidukari wakiadimika, buu wa spishi yenye madoa mawili hula mayai ya spishi yake mwenyewe, lakini ya spishi yenye madoa saba huyakwepa. Sababu ni sumu! Kila spishi hutia mayai yake alkaloidi za aina yake, na buu huistahimili zaidi sumu ya kwao. Utando wa hidrokaboni juu ya ganda humwonya kabla hajalitoboa. La kushangaza zaidi, buu aliyetangulia kuanguliwa hula mayai ya ndugu zake wa tumbo moja, na mlo huo humwongezea muda wa kumtafuta kidukari wake wa kwanza.