Muziki wa vibonzo: Kuyatambua mahadhi si kuyamiliki

KIJANA wa Kesses aliyekulia mbele ya runinga huyajua mahadhi ya muziki wa kale wa Ulaya hata kama hajawahi kuketi katika ukumbi wa okestra. Aliyasikia paka Tom alipokuwa akimwandama panya Jerry, na sungura Bugs Bunny alipokuwa akimhangaisha mwindaji Elmer Fudd. Asichokijua kwa kawaida ni jina la muziki huo, wala la mwenyewe.

Zamani swali hilo lilikuwa la kujifurahisha tu. Siku hizi lina uzito wake. Kesses, yapata kilomita 36 kusini mashariki mwa jiji la Eldoret, ndiko liliko bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka wa 1984. Mwanafunzi wa huko mwenye kompyuta anaweza leo kuchora kibonzo chake mwenyewe, akakitia sauti na kukiweka katika YouTube. Akikitia muziki asioujua asili yake, mapato ya jasho lake yanaweza kuishia mfukoni mwa mtu mwingine, au kazi yote ikazuiwa.

Visima vitatu

Muziki usikikao katika vibonzo huchotwa katika visima vitatu.

Kisima cha kwanza ni tungo za kale. Katika The Cat Concerto ya mwaka wa 1947, iliyoshinda tuzo ya Oscar, Tom hupiga piano mbele ya hadhira huku Jerry akimvuruga. Muziki anaoupiga ni Rapsodi ya Kihangaria nambari 2 ya Franz Liszt. Katika Rabbit of Seville ya mwaka wa 1950, Bugs Bunny humnyoa Elmer Fudd kwa kufuata utangulizi wa Kinyozi wa Seville, opera ya Gioachino Rossini iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka wa 1816. Rossini huyo huyo ndiye mtunzi wa utangulizi wa William Tell wa mwaka wa 1829. Katika vibonzo, sehemu yake moja tulivu huashiria mapambazuko, na ile ya mwisho huandamana na mbio za farasi.

Kisima cha pili ni nyimbo zilizokuwa zikivuma wakati vibonzo vilipotengenezwa. Carl Stalling, aliyeandaa muziki wa vibonzo vya Warner Bros. kuanzia mwaka wa 1936 hadi 1958, alikuwa amewahi kupiga kinanda katika kumbi za sinema enzi za filamu zisizo na sauti. Alizoea kuchagua wimbo kwa jina lake: mhusika akila, husikika wimbo uliotaja chakula katika anwani yake. Na mitambo ilipounguruma, Stalling mara nyingi aliutumia Powerhouse, utunzi wa Raymond Scott wa mwaka wa 1937.

Kisima cha tatu ni muziki wa maktaba. Huu ni muziki unaotungwa na kurekodiwa mapema bila kulengwa filamu yoyote, ukawekwa akiba na kukodishwa kwa watayarishaji wa vipindi. Biashara hii si ngeni. Kampuni ya De Wolfe ya London ilianzishwa mwaka wa 1909. SpongeBob SquarePants, kilichoanza kuonyeshwa mwaka wa 1999, hutumia kwa wingi muziki wa aina hiyo, yakiwemo magitaa ya mtindo wa Hawaii. Ndiyo maana mtazamaji anaweza kuyasikia mahadhi fulani katika kibonzo leo, na kesho akayasikia katika tangazo la sabuni.

Namna ya kutambua

Hatua ya kwanza ni kuyasoma majina yapitayo mwanzoni au mwishoni mwa kipindi. Hata hivyo, vibonzo vya zamani aghalabu humtaja tu aliyeongoza muziki, hata kama ametia humo tungo za watu kadhaa.

Hatua ya pili ni simu. Programu ya Shazam, iliyoanza nchini Uingereza mwaka wa 2002, hulinganisha alama za sauti inayosikika na zile za rekodi zilizo katika hazina yake, mithili ya polisi wanavyolinganisha alama za vidole. Ni muhimu kukumbuka kuwa kinachotambuliwa hapo ni rekodi, wala si mahadhi. Okestra ya studio ilipoupiga upya utunzi wa Liszt kwa ajili ya kibonzo, tena vishindo na mayowe yakaufunika, huenda programu isiambulie kitu.

Kwa mahadhi yenyewe ipo njia ya tangu zamani, isiyomlazimu mtu kujua kusoma nota. Mwaka wa 1975, Denys Parsons wa Uingereza alichapisha kamusi ya mahadhi iliyopangwa kwa kufuata jambo moja tu: je, sauti inayofuata imepanda, imeshuka au imebaki pale pale? Mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, ule unaobisha kama mgeni mwenye haraka, baada ya sauti ya kwanza huandikwa hivi: sawa, sawa, chini, juu, sawa, sawa, chini. Hatua chache kama hizo hutosha kuchuja maelfu ya tungo. Tangu mwaka wa 2020, Google nayo imewawezesha watu kuvumisha mahadhi kwa mdomo na kupewa majina ya nyimbo zinazofanana nayo.

Wenyewe wawili

Wengi wakishapata jina hudhani kazi imekwisha. La hasha! Muziki uliorekodiwa una haki za namna mbili: haki ya utunzi na haki ya rekodi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda utunzi wa muziki hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rossini alifariki mwaka wa 1868 na Liszt mwaka wa 1886. Tungo zao, basi, ni mali ya umma. Lakini rekodi nayo hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Utangulizi wa Rossini uliorekodiwa mwaka wa 2000 ungali na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka wa 2050.

Wakenya wanaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa Malaika. Fadhili William aliurekodi wimbo huo, na Miriam Makeba akaurekodi pia. Wimbo ni mmoja, ilhali rekodi ni mbali mbali na haki zake hazichangamani.

Powerhouse nao hufunza jambo jingine. Anayeusikia anaweza kuudhania mkongwe kama kazi za Rossini, maana sikio halisomi tarehe. Ukweli ni kwamba Scott alifariki mwaka wa 1994, hivyo kwa kipimo cha sheria ya Kenya utunzi huo utalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2044. Isitoshe, muda hutofautiana baina ya nchi. Katika Umoja wa Ulaya utunzi hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo, na video iliyowekwa kutoka Kesses hutazamwa huko pia.

YouTube imekuwa na mtambo wa kusaka rekodi kwa alama za sauti tangu mwaka wa 2007. Mwenye haki anaweza kuizuia video au kuyachukua mapato ya matangazo yake. Kutaja jina la mtunzi chini ya video si idhini.

Njia iliyo wazi

Afrika Mashariki imeonyesha njia nyingine. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, ilitungiwa muziki wake, Eric Wainaina akiwa miongoni mwa wanamuziki waliohusika. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka wa 2014, hufunza watoto hisabati na sayansi kwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili hiyo.

Hata nyimbo za jadi za Wakalenjin si shamba lisilo ua. Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni huitambua jamii kuwa mwenye mali, nayo hutaka idhini yake itafutwe kabla ya mali hiyo kutumiwa kibiashara.

Kwa anayependa Rossini, suluhisho ni rahisi: azitafute nota za zamani zilizo mali ya umma, ampate mwenzake apige kinanda au gitaa, wakubaliane kwa maandishi, kisha warekodi. Utunzi utakuwa wa wote, nayo rekodi itakuwa yao. Miaka kadhaa baadaye, atakayeuliza muziki huo ni wa nani atapata jibu, na huenda jina litakalotajwa likawa la mpiga kinanda wa Kesses.