Gari la Umeme au la Mseto? Hesabu za Safari ya Njombe

Mwalimu wa Kidugala, mkoani Njombe, atakaye kununua gari lililotumika kutoka Japani, huuliza kwanza bei yake. Kwa gari la petroli si kosa kubwa, maana tangi kuukuu hubeba mafuta sawa na tangi jipya. Betri haiko hivyo. Kwa sababu hiyo, anayechagua gari la umeme hana budi kuanza na safari zake mwenyewe.

Ichukuliwe safari ya Makambako hadi Njombe, kilomita 60 hivi. Gari dogo la umeme hutumia takriban kilowati-saa 17 kwa kila kilomita 100, nazo ni uniti zile zile zinunuliwazo kwa LUKU. Kilomita 60 zitahitaji basi uniti 10 hivi. Lakini Njombe iko juu kuliko Makambako, na hapo ndipo wengi huingiwa na hofu. Wanafunzi na waifanye hesabu wenyewe: kupandisha gari lenye tungamo la kilo 1,600, pamoja na abiria, kwa mita 300 ni kazi ya 1,600 × 9.8 × 300, yaani jouli 4,704,000. Hizo ni uniti 1.3 tu, pamoja na upotevu katika mota na betri, 1.5. Kumbe kilima hakili umeme kama urefu wa njia! Tena wakati wa kuteremka mota hugeuka dinamo, na sehemu ya nishati hiyo hurudi betrini.

Hatari iko kwingine. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24. Betri hiyo haipozwi kwa maji, na huchoka kadiri ya miaka na joto. Katika dashibodi kuna vipande 12 vinavyoonyesha uwezo uliosalia; vikibaki 8, betri hushika theluthi mbili tu, yaani uniti 16. Gari hilo litafika Njombe likiwa na uniti 4 na kitu, ilhali kurudi kwahitaji kama 9. Kwa soketi ya kawaida, ampea 10 kwa volti 230, huingia kilowati 2.3, mwenye gari atangoje saa tatu na nusu ili arudi na akiba kidogo, nao umeme usikatike. Gari lenye betri nzima ya uniti 40 lingekwenda na kurudi bila kuchajiwa njiani, kisha likachajiwa nyumbani usiku kucha.

Gari la mseto lina injini ya petroli na mota pamoja, wala la kawaida halichomekwi kwenye soketi. Toyota Prius ya mwaka 2009 ina betri ya uniti 1.3 hivi, karibu sawa na nishati ya kilima kile kizima, na si yote itumikayo. Katika mteremko mrefu hujaa mapema, na kinachozidi hupotea. Faida yake kubwa huonekana penye kusimama na kuondoka mara kwa mara, kama katika foleni za Dar es Salaam. Kwenye barabara kuu ya Iringa, mwendo ukiwa mmoja, faida hupungua. Hata hivyo, anayesafiri mbali mara kwa mara bila hakika ya mahali pa kuchaji afadhali achague hilo.

Njia za udongo wakati wa masika ni jambo jingine. Magari madogo ya aina zote mbili huwa chini chini, na betri ya gari la umeme hukaa chini ya sakafu. Jiwe moja laweza kugharimu sana. Mwenye kubeba magunia ya viazi kutoka shambani hajapata gari lake kati ya haya.

Halafu kuna baridi. Mwezi Juni na Julai, sakitu ikianguka Njombe, kemia ya betri hupungua kasi, na uniti zipatikanazo huwa chache. Injini ya petroli huwapasha abiria moto kwa joto ambalo lingepotea bure. Gari la umeme hulitoa joto hilo katika betri ile ile ya safari.